Kituo cha pampu cha kurudisha maji bondeni: hatua ninazozifuata Mufindi

Anayenipigia simu huanza karibu kila mara na swali lilelile: "Fundi, ninunue pampu ya inchi ngapi?" Hilo ni swali la mwisho. Bonde oevu halifanani na tangi la juu ya nyumba. Linataka maji mengi, yanyanyuliwe kidogo, yaingie polepole. Pampu nyingi za madukani zimetengenezwa kwa kazi iliyo kinyume: maji kidogo, kimo kirefu.

Tuchukue bonde la hekta 20 lililokaushwa na mitaro ya vinyungu, yaani bustani za kiangazi zinazolimwa bondeni. Mto unapita pembeni, mita 3 chini ya sehemu ya juu ya bonde.

Hatua ya 1: Ziba mitaro kwanza
Kabla hujatoa hata shilingi ya pampu, ziba mitaro kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri, kizuizi kimoja kila mteremko unaposhuka sentimita 20 au 30. Mikaratusi iliyopandwa bondeni itoke, maana inakunywa usiku na mchana. Kisha subiri msimu mzima wa mvua, Desemba hadi Aprili. Mabonde mengine hupona hapohapo, nawe fundi unakosa kazi. Sawa tu.

Hatua ya 2: Kibali
Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, kuvuta maji mtoni kunahitaji kibali, na kwa upande wetu kinatoka Bodi ya Maji Bonde la Rufiji. Usikione kama usumbufu. Mto Ndembera unashuka kutoka Mufindi hadi Ihefu, bonde oevu linalolisha Mto Ruaha Mkuu, na Ruaha umekuwa ukikauka kiangazi tangu miaka ya 1990. Ukivuta Oktoba hujaponya bonde, umehamisha ukame kwa jirani. Mimi hupanga kuvuta kuanzia Mei, mto ukiwa bado na nguvu, na kuzima Agosti.

Hatua ya 3: Pima bonde linakunywa kiasi gani
Chukua pipa lisilo na kitako, lizamishe sentimita 10 ardhini, lijaze maji, lifunike. Soma rula asubuhi, soma tena kesho asubuhi. Fanya hivyo sehemu tano tofauti. Tuseme maji yameshuka milimita 5. Ongeza milimita 5 zinazopotea hewani kwa jua na majani, jumla milimita 10 kwa siku. Milimita 10 juu ya hekta moja ni mita za ujazo 100, kwa hiyo hekta 20 zinataka 2,000 kwa siku. Ukiendesha saa 20, unahitaji kama lita 28 kwa sekunde. Zigawe kwa pampu mbili za lita 14 kila moja. Ya tatu ya aina hiyohiyo ikae stoo.

Hatua ya 4: Chagua bomba kabla ya pampu
Hapa ndipo pesa zinapopotelea. Umbali kutoka mtoni hadi bondeni ni mita 60. Lita 28 zikipita kwenye bomba la plastiki la milimita 100, msuguano peke yake unakula karibu mita 6, mara mbili ya kimo chenyewe! Kwenye bomba la milimita 200 unakula sentimita 20 tu. Ukiongeza kona na valvu, la kwanza linakupa kimo cha jumla (kunyanyua pamoja na msuguano) cha karibu mita 10, la pili mita 4. Kwa mita 4 kila pampu inatosheka na mota ya kilowati 1.5. Kwa mita 10 utalipa umeme mara mbili na nusu, kila siku, ili usukume maji yaleyale. Bomba nene linauma siku ya kununua tu.

Hatua ya 5: Shusha pampu karibu na maji
Kituo changu cha kwanza nilikiweka ukingoni, mita 6 na nusu juu ya mto, kwa sababu palikuwa pakavu na penye kivuli. Kilipowashwa kililia kama changarawe ndani ya debe. Wiki chache baadaye nikafungua impela, gurudumu la ndani linalosukuma maji, nikaikuta imeliwa vishimo kama jino bovu. Nilikuwa nimesahau tulipo. Pwani hewa inaweza kuinua maji mita 10 hivi kinadharia. Huku kwetu, mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, inabaki na mita 8 na kidogo, na pampu yenyewe inadai sehemu yake. Mimi sivuki mita 3 za kuvuta. Ikiwezekana, tumia pampu ya kuzamisha, balaa hilo liishe. Injini ya dizeli isiyo na turbo nayo hupungukiwa nguvu, takribani asilimia 1 kwa kila mita 100 za mwinuko.

Hatua ya 6: Shimo la kuvutia na chekeche
Shimo la kuvutia ni kisima ambamo maji ya mto huingia na pampu huyavuta; swichi huiwasha maji yakipanda na kuizima yakishuka. Pampu isiwake zaidi ya mara 6 kwa saa. Kwa lita 14 kwa sekunde, maji kati ya swichi ya kuwasha na ya kuzima yawe mita za ujazo 2.1. Chini ya swichi ya kuzima acha maji ya kutosha ili pampu isinyonye hewa. Mlangoni weka chekeche lenye eneo la nusu mita ya mraba: maji yapite taratibu, kambare wasivutwe, na hata majani yakiziba nusu yake bado unavuta.

Hatua ya 7: Mdomo wa kutolea
Usimwage mahali pamoja, utachimba korongo. Laza bomba lenye matundu kwa kufuata usawa wa ardhi, chini yake mawe. Valvu ya kuzuia maji kurudi ni lazima, umeme ukikatika utanielewa.

Boksi la umeme liinue. Muulize mzee wa pale maji ya El Niño ya 1997/98 yalifika wapi, atakuonyesha mti au jiwe. Pima hapo, ongeza nusu mita, ndipo upigilie misumari.