Miguu na Mikono Inapovimba Mwishoni mwa Ujauzito

Mama mwenye mimba ya miezi minane, anayeketi tangu alfajiri nyuma ya meza yake ya nyanya pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, hufika jioni akakuta viatu havimwingii. Mara nyingi huo si ugonjwa: mwili wa mjamzito huhifadhi maji mengi kuliko kawaida, na mji wa mimba uliokua hukandamiza mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni, hivyo maji hutuama kwenye nyayo na vifundo.

Ili kupunguza uvimbe, pumzika mara kadhaa kwa siku ukiwa umeinua miguu juu ya mto, lala kwa ubavu, hasa wa kushoto, na usiketi wala kusimama mahali pamoja kwa muda mrefu bila kutembea kidogo. Katika baridi ya Juni na Julai wengi wetu huvaa soksi zenye mpira mkali ndani ya gambuti, chagua zisizobana. Pete ivuliwe mapema, kabla kidole hakijavimba. Maji ya kunywa usiyapunguze, na dawa za kukojosha usimeze bila kuandikiwa na daktari.

Kila asubuhi, kabla ya kushika kazi, tazama uso na vidole vyako. Uvimbe wa kawaida hupungua baada ya usiku mmoja. Ule unaoamka nao, au uliojitokeza ghafla usoni na mikononi, usiusubirishe hadi tarehe ya kliniki, kwani huenda unaelekea kwenye kifafa cha mimba, yaani degedege linaloletwa na presha ya ujauzito, hasa ukiumwa kichwa sana, ukiona ukungu au vimulimuli, ukipumua kwa shida, au ukihisi maumivu juu ya tumbo, chini ya mbavu. Inaniuma kusikia mjamzito wa namna hiyo akiambiwa nyumbani kwamba kila mwenye mimba huvimba. Chukua kadi yako, nenda siku hiyo hiyo kituo cha afya upimwe presha na mkojo. Presha ya 140/90 au zaidi huhitaji uangalizi hata kama hujisikii mgonjwa. Walio mbali, kama vijijini Makete wakati barabara zinateleza kwa mvua, waweke akiba ya nauli na kupatana na mwenye gari mapema.

Mguu mmoja tu ukivimba, ukauma na kupata joto, huenda damu imeganda mshipani: usiukande, wahi hospitali.

Dalili hizi zote ziangalie pia katika wiki 6 baada ya kujifungua, kwa sababu kifafa cha mimba kinaweza kumpata mama akiwa tayari anamnyonyesha mtoto.