Jinsi ya Kuchagua Vyambo Bandia vya Zamani Vinavyostahili Kutunzwa

Shughuli za uvuvi ziliposimamishwa katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, wengi wetu hapa Kigoma tulipata nafasi ya kushona nyavu, kuziba mitumbwi na kupekua vifaa vilivyokaa miaka bila kuguswa. Mimi nilifungua kisanduku cha bati nilichoachiwa na baba mkubwa, ambaye alivua kwa mshipi kati ya Ujiji na Bangwe maisha yake yote, nikakuta ndani yake vyambo bandia zaidi ya sitini: vijiko vya shaba, visamaki vya mbao na vya plastiki, na ndoana zilizofungwa manyoya. Nilianza kwa kosa ambalo wengi hulifanya, yaani kuweka kando vilivyong'aa na kuvitenga vilivyochubuka ili nivitupe. Mzee mmoja wa mwaloni Kibirizi ndiye aliyenizuia, akanionyesha kwamba mikwaruzo ile ilikuwa alama za meno na magamba ya samaki, na kwamba vile vilivyobaki vizuri huenda vilibaki hivyo kwa sababu havikuwahi kuvua kitu.

Tandika kitambaa cheupe mahali penye mwanga, kisha upange vyambo vyote kwa aina bila kuviosha kwanza. Usafi wa haraka hufuta rangi dhaifu na maandishi madogo ambayo baadaye utayahitaji. Lengo lako ni kupata mafungu matatu: vya kuvulia, vya kuhifadhi kwa ajili ya kumbukumbu au thamani yake, na vya kuvunjwa ili vipuri vyake vitumike kwingine. Fungu la kutupa lisiwepo siku ya kwanza.

Ndoana zisikutie hofu, kwa kuwa kutu ya ndoana si kasoro ya chambo. Pitisha ncha juu ya ukucha wa kidole gumba: ikikwaruza na kunasa, bado ina makali, ikiteleza, ichonge kwa tupa ndogo au uibadilishe. Iliyowahi kunyooka na kukunjwa upya isiaminiwe tena, hata ikiwa kali, kwa sababu chuma chake kimekwisha kuchoka. Unapobadilisha, chagua ndoana yenye ukubwa na uzito uleule, kwani ndoana nzito kupita ile ya awali hukishusha chambo mkia na kukiharibia mwendo. Kagua pia pete za chuma zinazounganisha ndoana na mwili wa chambo, maana pete iliyoachana kidogo tu ndiyo humpoteza samaki mkubwa karibu kabisa na mtumbwi.

Vijiko vya chuma ndivyo vyepesi kuamua. Kilichofifia hurudishiwa mng'ao kwa majivu laini na ndimu, kama tunavyosugua sufuria, ilimradi kiwe cha shaba tupu. Kilichopakwa fedha juu kifutwe kwa kitambaa laini pekee. Jambo la kuangalia ni mkunjo wake. Kijiko kilichokanyagwa kikawa bapa hakiyumbi tena majini, na kukikunja upya kwa kukisia mara nyingi hakusaidii. Kiweke kwenye fungu la vipuri.

Visamaki vya mbao vinadai uangalifu zaidi. Tafuta nyufa kwenye mshono wa tumbo na pale skrubu za ndoana zinapoingia, kwa sababu hapo ndipo maji hupenya, mbao ikavimba na rangi ikabanduka. Viweke kimoja kimoja kwenye karai la maji kwa saa moja. Kile kilichotengenezwa kuelea lakini kikaanza kuzama kimekwisha kunywa maji. Kikaushe kivulini kwa siku kadhaa, uzibe ufa kwa gundi isiyopitisha maji, kisha ukijaribu tena. Cha plastiki kilicho wazi ndani kitikise sikioni: ukisikia maji, mwili umepasuka mahali fulani.

Baada ya hapo njoo kwenye kipimo ambacho, kwa maoni yangu, kinavishinda vingine vyote, yaani mwendo wa chambo majini. Mwaka 1936, nchini Finland, mvuvi Lauri Rapala alichonga chambo chake cha kwanza kwa gome jepesi, akakifunika kwa karatasi ya fedha ya kufungia chokoleti na kukipaka negativu za picha zilizoyeyushwa. Vifaa vyake vilikuwa duni, lakini alikuwa ametazama kwa makini jinsi samaki mkubwa anavyomwacha kundi zima na kumfuata mmoja anayeyumba kwa udhaifu, na mwendo huo ndio aliouchonga. Kwa hiyo nenda ufukweni asubuhi kabla upepo haujaanza, mahali penye kina cha kutosha na maji safi, ambayo ziwa letu halina uhaba wake. Funga chambo kwenye mshipi mwembamba, kitupe mita tano au sita, ukivute polepole, kisha haraka kidogo, ukikitazama mwanzo hadi mwisho. Kinachoyumba kulia na kushoto bila kupinduka kitunzwe, hata kama jicho limeng'oka. Kikielemea upande mmoja, sogeza kwa koleo kijicho cha waya pale mshipi unapofungwa, kidogo sana, kuelekea upande wa pili, halafu ujaribu tena. Ikiwa ulimi wa mbele, yaani kile kibapa kilichochomoza chini ya kichwa cha chambo, umevunjika, hakuna marekebisho yatakayokisaidia.

Ukubwa nao una neno lake. Mgebuka na sangara wa ziwa hili huwinda dagaa, ambao hawazidi sana urefu wa kidole, hivyo vyambo vya rangi ya fedha vyenye sentimita saba hadi kumi vina kazi hapa kuliko vile vikubwa vyenye rangi kali. Ndoana za manyoya zilizoliwa na wadudu zisitupwe: ng'oa uzi wa zamani na ufunge manyoya mapya ya jogoo. Zenye uzito wa madini ya risasi zishikwe na watu wazima, mikono ioshwe baadaye, na ile tabia ya kubana risasi kwa meno iachwe kabisa, kwa kuwa ni sumu.

Kabla ya kukarabati chochote, hata hivyo, soma maandishi kwenye ulimi, tumboni na mgongoni mwa kijiko. Majina kama Heddon ya Marekani, ABU ya Sweden au Mepps ya Ufaransa yanaweza kuwa ya chambo cha kawaida kilichotengenezwa kwa maelfu, au cha zamani kinachotafutwa na wakusanyaji. Dalili za aina ya pili ni mwili wa mbao, macho ya kioo badala ya yaliyochorwa, rangi ya awali na, zaidi ya yote, boksi lake la karatasi. Chambo cha namna hiyo kisisuguliwe, kisipakwe rangi, wala kisibadilishwe ndoana, kwa maana rangi mpya huondoa sehemu kubwa ya thamani yake na hairudishiki. Mimi nilikisugua kimoja kabla ya kulijua hili, na bado ninakisikitikia.

Vilivyochaguliwa vikauke kabisa kabla ya kufungiwa, kila kimoja kwenye kijisehemu chake cha kisanduku, pamoja na kile kipakiti cha kunyonya unyevu kinachokuja ndani ya viatu vipya. Vyambo vya mpira laini vikae kwenye mfuko wao peke yao, kwa sababu mafuta yake huyeyusha plastiki ngumu na rangi ya jirani zake. Vilivyokwisha kunata vipelekwe jalalani, visitupwe ziwani.