Kubadilisha pampu ya maji ya Probox uani kwako

Kila jioni nikirudi na viazi kutoka Molo, naegesha gari langu, Toyota Probox, uani hapa Lanet, Nakuru, na kutandaza boksi lililofunguliwa chini ya injini. Tabia hiyo nimeirithi kwa marehemu baba, aliyeendesha lori maisha yake yote. Oili ikivuja usiku utaiona kwa weusi wake, na maji ya rejeta kwa rangi ya waridi. Asubuhi moja mwezi wa nne nikakuta doa la waridi upande wa dereva, pana kama sarafu ya shilingi ishirini. Kwenye injini hii ya 1NZ, upande huo ndiko kuliko fanbelti na pampu ya maji, ile inayoyazungusha maji ya rejeta ndani ya injini.

Usikimbilie kununua pampu kwa sababu ya doa. Hakikisha kwanza. Chini ya shafti ya pampu kuna kitundu kidogo kilichowekwa makusudi: sili ya ndani ikichoka, maji hutokea hapo badala ya kupenya kwenye beringi. Nililala chali juu ya gunia, nikamulika kwa tochi ya simu na kusubiri. Tone lilijikusanya polepole kwenye ukingo wa kile kitundu, likaning'inia, kisha likadondoka. Pembeni yake palikuwa na ukoko mgumu wa waridi, kama chumvi iliyokaukia sufuriani. Ukiuona ukoko huo hapo, pampu imekwisha. Ukiuona kwenye maungio ya paipu, huenda ni klipu tu iliyolegea, na umejiokolea pesa. Shika pia puli ya pampu uitikise: ikicheza, beringi nayo imechoka.

Wengi huendelea kuongeza maji kila asubuhi. Huku kwetu hilo ni hatari kuliko Pwani. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji katika sufuria isiyofunikwa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Molo iko juu zaidi, huchemka mapema zaidi. Kinachozuia rejeta isichemke ni presha inayoshikiliwa na kifuniko chake, na mahali panapovuja presha hiyo haikai. Hapo ukiukabili mlima wa Salgaa na mzigo, hedi ya aluminiamu, kichwa cha injini, inapinda, na kazi ya siku moja inageuka kuwa ya kufungua injini.

Niseme na hili mapema: maelezo haya ni ya injini ambayo pampu yake inazungushwa na fanbelti ya nje. Subaru za injini ya EJ zina pampu inayozungushwa na taimingi belti, ule mkanda unaopatanisha mwendo wa valvu na pistoni. Ukikosea meno ya belti hiyo, valvu zinaweza kugonga pistoni. Kama hujawahi kufunga taimingi, usiijaribu peke yako.

Dukani nenda na namba ya chesisi na utaje injini. Nunua pampu pamoja na gasketi yake, kile kipande chembamba cha kuzuia uvujaji kwenye maungio, na kulanti ya lita 5, yaani yale maji ya rejeta yenye rangi. Maji ya bomba usiyatie. Maji ya huku yana madini mengi, na meno ya kahawia ya wengi wetu tuliokulia Nakuru ni ushahidi. Ukipata kulanti nzito ya kuchanganya, tia nusu kwa nusu na maji safi ya betri, yale yasiyo na asidi.

Acha gari lipoe usiku kucha. Kifuniko cha rejeta ya moto kinatema mvuke usoni, na sitaki yeyote ajifunze hilo kwa ngozi yake. Asubuhi toa waya hasi wa betri, kwa sababu utafanya kazi karibu na alteneta. Kabla hujagusa belti, legeza kidogo zile boliti tatu za puli ya pampu. Belti ikiwa bado imekaza, inakushikia puli isizunguke. Ukiitoa kwanza, utahangaika na bisibisi nusu saa.

Weka mawe nyuma ya matairi, inua upande wa kulia mbele, kalisha gari kwenye stendi, kisha toa gurudumu na kinga ya plastiki. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee, hata kwa dakika moja. Fungua koki iliyo chini ya rejeta, maji yaingie kwenye beseni. Kulanti ni sumu na ina utamu unaowavuta mbwa. Usiimwage mtaroni pia. Mitaro ya mji huu inashuka hadi ziwani. Mimi huiweka kwenye mtungi wenye alama na kuipeleka gereji wanakokusanya oili chafu.

Piga picha njia ya belti, legeza alteneta, toa belti, kisha puli. Pampu imeshikwa na boliti tatu na nati mbili. Chukua kipande cha boksi, chora umbo la pampu, toboa matundu, na kila boliti unayoitoa ichomeke kwenye tundu lake. Boliti ndefu ikiingia pasipo pake, unaweza kuharibu uzi wa aluminiamu.

Hapa ndipo pa kukaa. Miaka mitatu nyuma nilimlipa fundi mmoja mjini anibadilishie pampu ya gari hili hili. Nilipoifungua sasa nikaona alichofanya: hakukwangua gasketi ya zamani, aliipaka silikoni nene juu yake na kufunga. Silikoni ilikuwa imefinywa kuelekea ndani, vinyuzi vyake vikining'inia kwenye njia ya maji. Kikikatika kimoja, kinakwenda kuziba mirija ya rejeta. Iliniuma sana, maana nilimwamini.

Kwa hiyo kwangua uso wa injini kwa kipande cha plastiki au mti mgumu. Patasi na bisibisi zinachora aluminiamu, na mchoro mmoja unatosha kuvujisha. Mpwa wangu alikuwa akinisaidia. Akaniambia, "Shangazi, pamekwisha, panang'aa." Nikamwambia afumbe macho na apitishe ncha ya kidole mzunguko mzima. Alisimama mara mbili, akarudia kukwangua bila kuambiwa. Tulitumia saa nzima hapo, na sijutii hata dakika moja.

Gasketi mpya ifungwe kavu. Anza boliti zote kwa vidole, kisha kaza kwa kupishana, kidogo kidogo. Kipimo ni nyutoni mita 11, nguvu ndogo sana. Kama huna spana ya kupimia, tumia racheti fupi na uishike karibu na kichwa chake. Rudisha puli na belti. Ukibonyeza belti kwa dole gumba katikati ya sehemu ndefu, iingie kama sentimita moja. Ukishakaza alteneta, kaza zile boliti za puli kabisa na urudishe waya wa betri.

Kujaza nako kunataka subira. Mimina kulanti taratibu huku ukiminya paipu ya juu, utasikia mapovu yakitoka. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, hita ikiwa kwenye moto kabisa, na uso wako mbali na mdomo wa rejeta. Injini ikikaribia nyuzi 82 thamostati, valvu inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta, inafunguka, na maji yanashuka ghafla: ongeza. Hita ikipuliza baridi wakati injini ni ya moto, hewa bado imo ndani. Endelea mpaka feni iwake na kuzima mara mbili, kisha funga kifuniko na ujaze chupa ya akiba hadi alama.

Sikwenda Molo siku hiyo. Nilizunguka hadi Free Area na kurudi, nikatandaza boksi jipya. Asubuhi lilikuwa kavu, na chupa ya akiba imeshuka upana wa kidole, hewa ya mwisho hiyo. Nikaongeza, nikamulika tena kile kitundu, kikavu. Saa moja na nusu tulikuwa tunapakia magunia.