Mekanika ya mwaka wa kwanza: mchoro kwanza, namba baadaye

Anayeanguka kwenye mekanika ya mwaka wa kwanza mara nyingi kanuni anazijua vizuri tu. Kinachomwangusha ni kile kilichotakiwa kufanyika kabla ya kanuni: hajaamua anazungumzia gimba (kitu) gani, kani (nguvu) zipi zinalifikia, na upande upi ni chanya. Anaona "mteremko" kwenye swali, anaandika mg sin θ kwa mazoea (m ni tungamo, g mchapuko wa uvutano, θ pembe ya mteremko), kisha anaanza kutafuta mahali pa kuiingiza.

Hisabati inayohitajika si nyingi, ila iwe mkononi. Upasue vekta (kiasi chenye ukubwa na upande) katika vijenzi, yaani sehemu zake za kila upande, kwa sini na kosini bila kusitasita, utatue milinganyo miwili yenye visivyojulikana viwili, na ujue kwamba mwendokasi ni kiwango cha kubadilika kwa mahali na mchapuko ni kiwango cha kubadilika kwa mwendokasi. Kalkulasi ikiwa bado imelegea, kozi nyingi zitakuvumilia wiki kadhaa. Vekta hazina subira hiyo. Na ukisahau kama ni sini au kosini, usikisie: laza mteremko kichwani mpaka θ iwe sifuri. Kwenye sakafu tambarare uzito hauvuti gimba kwenda pembeni hata kidogo, kwa hiyo kijenzi cha kufuata mteremko lazima kiwe mg sin θ.

Sasa mchoro wa kani. Chagua gimba moja, lichore kama nukta, peke yake, bila meza wala kamba wala kapi. Zunguka mpaka wake ukiuliza: nini kinaligusa? Kila kinacholigusa kinaweza kuleta kani: kamba huvuta, sakafu husukuma kwa pembe mraba na pia husugua. Kisha ongeza uzito, ambao haungoji kugusa. Basi. Mpira uliorushwa juu, ukishatoka mkononi, una kani moja tu (tukiacha hewa), nayo inaelekea chini, hata wakati mpira unapanda. Ile "kani ya mkono" ambayo wengi huichora imebaki mkononi. Vilevile usichore ma (tungamo mara mchapuko) kama kani. Hilo ni jumla ya kani zote, si mojawapo. Kani kitovu, ile inayovuta kitu kuelekea katikati ya duara, nayo si ya kuongezwa pembeni: kwenye jiwe linalozungushwa kwa kamba, mvuto wa kamba ndio unaofanya kazi hiyo.

Kosa jingine sugu ni la sheria ya tatu ya Newton: kila kani ina ya kuijibu, sawa kwa ukubwa na kinyume kwa upande. Kitabu kiko mezani, uzito wake ni sawa na kani ya meza inayokisukuma juu, na watu wanaziita jozi ya sheria ya tatu. Sivyo. Jozi ya sheria ya tatu hufanya kazi kwenye magimba mawili tofauti na huwa za aina moja: dunia inavuta kitabu, kitabu kinavuta dunia. Uzito na kani ya meza zote ziko kwenye kitabu, na zinalingana kwa sababu kitabu hakina mchapuko. Weka meza hiyo ndani ya lifti inayochapuka kwenda juu uone kama bado zinalingana.

Tuchukue swali moja tulipekue. Gimba la kilo 4 liko kwenye mteremko wa nyuzi 30, limefungwa kamba nyepesi inayopita juu ya kapi laini, na ncha ya pili inaning'iniza kilo 3. Kizigeu (μ, namba inayopima ukali wa msuguano) cha msuguano tuli, yaani kabla kitu hakijasogea, ni 0.25, cha msuguano wa mwendo ni 0.20, g ni 9.8. Vinaanza vikiwa vimetulia. Tafuta mchapuko (a) na mvuto wa kamba (T).

Kwanza, je, vitaondoka? Hapa ndipo wengi hupita bila kusimama. Kinachoning'inia kinavuta kwa nyutoni 29.4, kijenzi cha uzito kinachorudisha gimba la mteremkoni ni 19.6. Tofauti ni 9.8 kwenda juu ya mteremko. Kani ya mteremko inayolisukuma gimba kwa pembe mraba, N, ni 4 × 9.8 × cos 30°, yaani 33.9, na msuguano tuli hauwezi kuzidi 0.25 × 33.9, yaani 8.5. Hautoshi kuzuia 9.8, kwa hiyo mfumo unaondoka. Kizigeu hicho kingekuwa 0.30, kikomo kingekuwa 10.2, vitu vingebaki palepale, na msuguano wenyewe ungekuwa 9.8, si 10.2. Kanuni ya μN kwa msuguano tuli hutoa kikomo. Kiasi halisi ni kile tu kinachohitajika.

Kwa kuwa gimba linapanda, msuguano unaelekea chini ya mteremko: 0.20 × 33.9, yaani 6.8. Chagua chanya kufuata mwendo wa kamba, yaani kupanda kwa gimba la mteremkoni na kushuka kwa linaloning'inia, ili a iwe moja kwa yote mawili. Andika mlinganyo wa kila gimba: T − 19.6 − 6.8 = 4a, na 29.4 − T = 3a. Zijumlishe, T inaondoka: 3.0 = 7a, a = 0.43 m/s². Rudisha kwenye mlinganyo wa pili: T = 28.1. Aliyeandika T = 29.4 tangu mwanzo amesema, bila kujua, kwamba kilo 3 zinazoning'inia hazina mchapuko.

Usifunge daftari bado. Fanya swali hilohilo kwa herufi na upime jibu kwa hali unazozijua. Mteremko ukisimama wima, msuguano unatoweka na unabaki na magimba mawili yanayoning'inia kwenye kapi: a = (m₂ − m₁)g/(m₁ + m₂), m₁ likiwa la mteremkoni na m₂ linaloning'inia. Sawa. Sasa ondoa gimba linaloning'inia kabisa: kanuni yako itatoa −g(sin θ + μ cos θ), wakati kitu kinachoteleza chini kina mchapuko wa g(sin θ − μ cos θ). Hujakosea hesabu, ile alama ya msuguano uliiweka kwa gimba linalopanda. Ndiyo maana kubadilisha herufi kuwa namba mapema ni hasara: namba hazikuonyeshi haya.

Kuhusu kuchagua njia: swali likitaka mchapuko, muda au mvuto wa kamba, nenda kwa sheria za Newton. Likitaka mwendokasi baada ya umbali fulani, nishati huwa fupi. Vitu vikigongana, momenta (tungamo mara mwendokasi). Mengine huchanganya, na hapo ni kukata swali vipande. Risasi ya gramu 10 yenye mwendo wa 300 m/s inazama kwenye gogo la kilo 1.99 linaloning'inia, gogo linapanda kiasi gani? Wakati wa kugongana tumia momenta: 3 = 2v, v = 1.5 m/s. Baada ya hapo tumia nishati: urefu ni v²/2g, kama sentimita 11.5. Aliyetumia nishati toka mwanzo hadi mwisho atapata mita 23, kwa sababu amesahau kwamba kati ya jouli 450 za risasi ni 2.25 tu zilizovuka mgongano. Nyingine ziliishia kwenye joto na kuharibika kwa mbao.

Mzunguko usikutishe: ni sheria zilezile, kani ikibadilishwa na momenti ya kani (uwezo wake wa kuzungusha), tungamo na momenti ya inesha (ugumu wa gimba kuzungushwa). Jambo moja tu la kushikilia: gimba linalobingirika bila kuteleza linaweza kuwa na msuguano, ila msuguano huo haupotezi nishati, na kiasi chake si μN. Ni kisichojulikana kingine tu, kama T, kitafute kwenye milinganyo.

Mazoezi yafanye ndani ya saa 24 baada ya mhadhara. Ukikwama, jipe dakika 20 za kweli, kisha fungua jibu, soma mpaka mstari ule uliokukwamisha tu, lifunge, uendelee mwenyewe. Baada ya siku tatu lifanye tena kwenye karatasi tupu. Kusoma majibu ukitikisa kichwa kwa kukubali hakuhesabiki. Weka daftari la makosa, mstari mmoja kwa kila kosa, ukitaja sababu: "msuguano nimeuelekeza vibaya," "nimetumia nishati kwenye mgongano," si "sikuwa makini." Usiku wa kuamkia mtihani soma daftari hilo, kitabu kiache.