Kimbunga kikitangazwa, okoa mahindi na mbegu

Kimbunga Idai kilipopiga Beira, Msumbiji, usiku wa kuamkia 15 Machi 2019, mahindi yalikuwa yanakaribia kuvunwa. Zaidi ya watu 600 walikufa nchini humo, na takriban hekta 700,000 za mazao zikaharibika. Huku kwetu Tanzania, Kimbunga Hidaya kilifika Kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei 2024, mazao ya masika yakiwa bado shambani, na mafuriko yakakata barabara ya Lindi pale Somanga.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, tangulizeni watoto, wazee na mifugo mahali pa juu. Ikibaki siku salama kabla kimbunga hakijafika, ingia shambani. Menya hindi, pukuchua punje moja, utazame kitako chake. Ukikuta doa jeusi, hindi limekomaa hata kama majani bado mabichi. Vuna, ukalikaushe nyumbani.

Mbegu ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi, maana wengi wetu huiweka kwenye gunia sakafuni, na maji huanzia hapo. Ianike mapema, kisha ipime: tia punje kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu kidogo, tikisa, uache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mbegu bado ina unyevu. Isipoganda, ijaze kwenye dumu kavu hadi mdomoni, funga vizuri, na ulipeleke kwa ndugu anayeishi mlimani.

Maji yakishapungua, jua kwanza yametoka wapi. Ya mto huacha tope lenye rutuba. Wakulima wa Rufiji hulima mlau, yaani kilimo cha baada ya mafuriko kupungua, kwenye unyevu huo tangu enzi za mababu. Usichelewe: panda kunde, mahindi ya muda mfupi au marando ya viazi vitamu udongo ungali na unyevu. Ya bahari ni shida nyingine. Udongo ukikauka na kufanya ukoko mweupe, usipoteze mbegu hapo; chimba mitaro, uache mvua ioshe chumvi kwanza.

Mihogo iliyokaa majini huoza haraka, hivyo ing'oe mara tu shamba linapoingilika, na ile mizima uifanye makopa, yaani vipande vilivyokaushwa. Mahindi yaliyozama kwenye maji ya mafuriko yasiliwe, kwani maji hayo hubeba uchafu wa vyoo. Yaliyoota ukungu usiwape hata kuku: sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haitoki kwa kuosha wala kupika.