Jinsi ya kuomba AFRINIC wakurudishie usimamizi wa ASN iliyolala, na kuiwekea ulinzi isitekwe

Wadau wa mitandao wa Dodoma na kanda ya kati kwa ujumla, hili naliandika kwa ajili ya taasisi na kampuni zenye ASN (namba inayoutambulisha mtandao wako kwenye intaneti, kwa Afrika inatolewa na AFRINIC) ambayo haitangazwi tena. Ziko nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kampuni ilikuwa Dar, ikaomba ASN yake na anwani za IP, ikawa na apstrimu wawili (watoa huduma wanaokuunganisha na intaneti), mambo yakaenda, halafu serikali ikatangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, ofisi ikahamia Makole au Mtumba, ikanunua intaneti ya mtoa huduma mmoja anayetumia namba yake mwenyewe, ruta ya zamani ikazimwa na yule fundi aliyekuwa anajua kila kitu akaacha kazi. Namba bado imeandikwa jina lako. Imelala tu.

Na namba iliyolala ndo mali ya wezi. BGP, ile lugha ambayo ruta za dunia nzima zinaambiana njia, inafanya kazi kwa kuaminiana, mtu akitangaza kwamba yeye ni AS fulani na ana anwani fulani, jirani yake asipokuwa na filta anakubali na kupeleka mbele. Mwaka 2008 Pakistan Telecom walitangaza sehemu ya anwani za YouTube na video zikakatika sehemu kubwa ya dunia, na pale mwenye mali alikuwa macho na mainjinia wake wapo kazini. Sasa fikiria mali ambayo hakuna anayeiangalia, ni kama kiwanja cha Nala ulichokiacha bila bikoni, utakikuta kina msingi wa mtu. Mwaka 2019 iliibuka hadharani kwamba anwani za IPv4 kwa mamilioni zilichezewa kwenye kumbukumbu za AFRINIC, na kati ya zilizolengwa zilikuwemo zile ambazo kampuni zake zilishakufa au zimesahaulika. Hatuongelei mambo ya mbali jamani.

Kwahiyo twende hatua kwa hatua. Mifano nitatumia AS64500 na 203.0.113.0/24, hizo zimetengwa kwa ajili ya kufundishia tu, wewe weka zako.

Kwanza jua una nini. Fungua teminali uandike whois -h whois.afrinic.net AS64500 halafu usome taratibu. Angalia org (mwenye namba) ni jina gani, admin-c na tech-c (watu wa mawasiliano wa utawala na wa ufundi) ni nani, na mnt-by (yenye ruhusa ya kubadilisha kumbukumbu) ni ipi. Kisha fungua RIPEstat, tovuti inayoonyesha njia za intaneti, weka hiyo namba, angalia historia ya njia, itakuonyesha mara ya mwisho ilionekana lini na ilikuwa na prefiksi gani (kundi la anwani za IP, kama ile 203.0.113.0/24). Ukiona ililala 2018 halafu ikaamka miezi miwili 2022 na wewe hukuwa na ruta yoyote, ujue kuna mtu alishaitumia, hifadhi huo ukurasa kabla hujaenda popote.

Kitu cha kuangalia kwa umakini zaidi hapo ni barua pepe za mawasiliano. Kama ipo kwenye domeini ya zamani ya kampuni na domeini hiyo imeisha muda, mtu yeyote anaweza kuisajili upya kwa hela ndogo kabisa, akafungua ile imeili ya fundi wenu wa zamani, akaomba nywila mpya, na kuanzia hapo yeye ndo anayeongea kwa jina lenu. Hamna haja ya udukuzi hata kidogo. Ukikuta domeini iko wazi isajili leo leo, hata kama hamuitaki, hiyo ndo hatua ya dharura kuliko zote nitakazozitaja.

Pili, omba kubadilisha wasimamizi. Kama bado kuna mtu anaweza kulogini MyAFRINIC, tovuti ya akaunti za wanachama, basi ni rahisi, anaingia anaongeza watu wapya anaondoa wa zamani. Kama hakuna, mnaandika tiketi kwa timu ya hostmasta wa AFRINIC (wanaoshughulikia kumbukumbu za namba), wao ofisi yao iko Ebène kule Mauritius na kazi yote inafanyika mtandaoni, hakuna haja ya kishoka wala mtu wa kukusafirishia karatasi. Andaeni barua yenye letahedi ya kampuni, isainiwe na mkurugenzi na ipigwe mhuri, ikitaja ASN na prefiksi zote, majina ya wasimamizi wapya, na sababu kwanini wa zamani hawapo. Iandikwe kwa Kiingereza maana ndio lugha mtakayoelewana nao.

Ambatanisha cheti cha usajili cha BRELA. Hapa ndo wengi wanakwama, kampuni ilibadili jina au wakurugenzi na taarifa za kwenye ORS, mfumo wao wa usajili mtandaoni, hazijahuishwa, sasa barua imesainiwa na mkurugenzi ambaye BRELA haimtambui, AFRINIC watauliza na wana haki ya kuuliza. Malizeni kwanza BRELA. Kama jina lilibadilika weka na cheti cha kubadili jina, ili mtu aone mnyororo mzima kuanzia jina lililopo whois mpaka jina la leo. Kama mna leseni ya TCRA iongeze, nayo inasaidia kuonyesha kwamba mpo kweli. Taasisi ya umma haina cheti cha BRELA, hiyo itumie sheria au tangazo la Gazeti la Serikali lililoianzisha. Na mkishahamia Dodoma, badilisheni na S.L.P. na simu, usiache namba ya mezani ya ofisi ya Dar ambayo siku hizi inapokelewa na watu wengine au haipokelewi kabisa.

Wasimamizi wapya wasiwe mtu mmoja. Weka imeili ya kitengo, kama noc@ ya kwenu (NOC ni kitengo kinachosimamia mtandao), isomwe na watu wawili watatu, fundi akiondoka imeili inabaki. Na angalieni ada ya uanachama, kama kuna deni ongeeni nao mapema kwa sababu deni likikaa sana uanachama unaweza kufungwa na rasilimali zikachukuliwa.

Tatu, safisha vilivyobaki nyuma. Mkishapata akaunti, ingieni sehemu ya RPKI, mfumo wa kuhakiki kwa saini za kidijitali nani anaruhusiwa kutangaza anwani zipi, muangalie ROA. Hapa naomba msome polepole kwa sababu ndo penye kosa ambalo watu wazuri kabisa wanalifanya. ROA ni tamko lenye saini linalosema prefiksi hii inaruhusiwa kutangazwa na ASN hii. Watu wanaona kuwa na ROA ni ulinzi, na kwa mtandao unaofanya kazi ni kweli. Ila kwa mtandao uliolala, ROA ya zamani inayosema 203.0.113.0/24 ni ya AS64500 inamsaidia mwizi, kwa sababu RPKI inaangalia namba ya mwisho tu kwenye njia, mwizi anaiweka AS64500 pale mwisho kana kwamba ni mteja wake, na ruta zote zinazohakiki zinasema sawa, ni halali. Na wewe mwenye AS64500 hutangazi chochote, kwahiyo hakuna hata njia ya kushindana na ya kwake.

Dawa ni AS0. Kwa kila prefiksi ambayo hamuitumii, tengeneza ROA ambayo sehemu ya ASN umeweka 0, maana yake prefiksi hii isitangazwe na mtu yeyote. Mitandao mikubwa inayotupa njia batili, AT&T kwa mfano walianza mwaka 2019, itaikataa. Lakini lazima ufute na ile ROA ya zamani, ukiacha zote mbili ile yenye namba halisi ndo inashinda na AS0 inakuwa haina kazi. Siku mkiamua kuitumia tena prefiksi, unafuta AS0 na kuweka ROA ya kawaida kabla ya kuwasha ruta.

Halafu nenda kwenye objekti za route (kumbukumbu za ASN ipi inatangaza prefiksi ipi), kwenye kanzidata za AFRINIC na RADB, futa za zamani. Waandikie apstrimu wenu wa zamani muwaombe waitoe ASN yenu kwenye as-set yao (orodha ya ASN zao na za wateja wao), hili watu hawalikumbuki kabisa, filta nyingi zinatengenezwa kwa kusoma as-set kwahiyo namba yenu ikibaki mle ndani mlango uko wazi. Kwenye PeeringDB, daftari la wazi la mitandao na inapounganishwa, nako sema ukweli kwamba hampo tena kwenye eksichenji yoyote.

Nne, ufuatiliaji wenyewe. ROA inalinda prefiksi, haiilindi ASN ikiwa peke yake. Mtu anaweza kuchukua namba yako akatangaza anwani za wengine, na sifa mbaya ya spamu ikaandikwa kwako, ukija kuamsha mtandao unakuta umefungiwa kila mahali. Hiyo huwezi kuizuia, unaweza kuigundua tu, na uzuri wa namba iliyolala ni kwamba jibu sahihi ni sifuri. Chochote juu ya sifuri ni kengele. Weka hii kwenye kroni (ratiba ya kazi zinazojiendesha) ya seva yoyote ndogo, kila baada ya saa nane inatosha:

curl -s "https://stat.ripe.net/data/announced-prefixes/data.json?resource=AS64500&min_peers_seeing=1" | jq '.data.prefixes | length'

Ile min_peers_seeing=1 usiiache. Bila hiyo RIPEstat inakuonyesha prefiksi zilizoonekana na majirani kumi na kuendelea, na wezi wengi wanatangaza kwa eneo dogo makusudi wasionekane. Ukitaka alati ya haraka zaidi weka BGPalerter, ni programu huria, inasoma RIS Live (taarifa za njia za RIPE za papo hapo) muda wote, ila prefiksi na monitorASns ziandike kwa mkono kwa sababu yenyewe inajitengenezea orodha kutokana na vinavyotangazwa na wewe hutangazi kitu.

Kengele ikilia usikurupuke kumtuhumu mtu. Kuna wanaokosea kuandika ruta, anataka kurudia namba yake mara tatu ili njia ionekane ndefu anaandika 3, dunia inaona AS3, au amedondosha tarakimu moja namba yake ikafanana na yako. Prefiksi ikiwa ya kampuni inayojulikana, imeonekana dakika chache ikaondoka, mara nyingi ni hilo. Ikikaa masaa, au prefiksi ni yako, basi ni kazi.

Chukua AS_PATH, yaani orodha ya ASN ambazo tangazo limepitia, uisome kutoka kulia. Ya mwisho kulia ni namba yako, inayofuata kushoto ndo inayodai kukupokea, na huyo anaweza kuwa ndo mwizi mwenyewe, kwahiyo usimwandikie yeye peke yake, mwandikie na anayefuata kushoto kwake, kwa kawaida huyo ni mtoa huduma mkubwa mwenye NOC inayojibu. Mpe prefiksi, njia yote, kiungo cha BGPlay (mchoro wa mabadiliko ya njia, upo RIPEstat), na sema wazi kwamba hamjampa mtu yeyote barua ya idhini, maana hizo barua zinaghushiwa sana. Muda andika UTC, saa tatu usiku ya Dodoma ni 18:00 UTC, ukiandika saa zetu atatafuta kwenye logi asione kitu. Nakala peleka TZ-CERT, timu ya taifa ya usalama wa mtandao iliyo chini ya TCRA, na AFRINIC.

Kama mmekaa mkaona hamtaitumia tena ASN, omba kuirudisha, ni tiketi ileile kwa hostmasta na barua ileile ya mkurugenzi. Anwani za IPv4 msizirudishe kwa haraka hivyohivyo, zimekuwa adimu na mnaweza kuzihitaji, wekeni AS0 na mzilinde. Na mpaka AFRINIC wathibitishe kwamba namba imetoka kwenye jina lenu, acheni ile kroni iendelee kukimbia.