Debian kwa kebo: mashine 11, swichi moja

Wiki jana, pale Kamalondo, Lubumbashi, nilikabidhiwa mashine 11 za mitumba zilizopitia mpaka wa Kasumbalesa, hakuna mbili zinazofanana. Flashi ninayo moja tu, na kouran (umeme) hukatika bila kuaga. Nikaziingizia zote Debian, mfumo huru wa Linux, kwa kebo ya mtandao.

1. Laptopu yenye Debian ndiyo seva. Tundu lake la kebo lipe anwani 192.168.50.1, intaneti ivute kwa simu. Tumia swichi tupu. Ukichomeka kwenye swichi ya ofisi, ruta nayo itagawa anwani, na mashine humfuata anayewahi kujibu.

2. Sakinisha dnsmasq (hugawa anwani na faili za kuwakia) na apt-cacher-ng (hutunza nakala za vifurushi vilivyopakuliwa), kisha fungua netboot.tar.gz (kisakinishi cha Debian cha mtandao) ndani ya /srv/tftp.

3. Hapa ndipo nilipoteza asubuhi nzima. Mashine inapoomba anwani hutaja aina ya programu yake ya kuwakia: 0 ni BIOS ya zamani, 7 ni UEFI ya biti 64, na chache hutaja 9. Zote nilizipa faili moja ya kuwakia. Za UEFI zikagoma. Kwenye dnsmasq.conf andika:

interface=enp2s0
dhcp-range=192.168.50.50,192.168.50.150,1h
enable-tftp
tftp-root=/srv/tftp
dhcp-match=set:efi,option:client-arch,7
dhcp-match=set:efi,option:client-arch,9
dhcp-boot=tag:!efi,pxelinux.0
dhcp-boot=tag:efi,debian-installer/amd64/bootnetx64.efi

Badala ya enp2s0 weka jina la kadi yako.

4. Washa upya dnsmasq. Kwenye mashine bonyeza F12 (nyingine F9 au Esc), chagua kuwaka kwa mtandao (PXE). Ukiulizwa proksi (ndiyo apt-cacher-ng), jibu http://192.168.50.1:3142. Ya kwanza italamba megabaiti zako. Zinazofuata zitachota kwenye laptopu. Na kibodi itazame kwa macho: AZERTY (ya Kifaransa) ikichukuliwa kuwa QWERTY (ya Kiingereza), nywila itakukana kesho.

Maswali

— Yaya, yangu inaandika kosa PXE-E53.
— Imepata anwani bila jina la faili. Kagua mistari ya dhcp-boot, au kuna ruta imekuwahi. Ingekuwa E32, ningesema ukuta wa moto umefunga mlango 69 wa UDP.

— Laptopu isiyo na tundu la kebo je, papa?
— Adapta ya USB, iwapo UEFI yake inaitambua. Isipoitambua, rudi kwenye flashi, mama.

— Nina moja ya biti 32.
— Debian 13 haina kisakinishi chake. Chukua netboot ya i386 ya Debian 12, uifungue kwenye folda nyingine, ubadilishe tftp-root kwa mashine hiyo peke yake.